Barua ya Wazi Kuhusu Mizigo Inayoning'inia Juu ya Paa Zetu

Kwa wenye dhamana ya usalama wa anga nchini

Nakala: wasimamizi wa miradi wanaokodi helikopta za mizigo; wamiliki wa helikopta hizo

Waheshimiwa,

KUH: USALAMA WA WATU WALIO CHINI YA HELIKOPTA ZINAZOBEBA MIZIGO YA KUNING'INIA

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia hadharani jambo ambalo nimekwisha kuwaandikia faraghani mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilikwenda kwa rejista ya posta. Ya tatu niliituma kwa baruapepe pamoja na picha. Jibu pekee nililolipata ni simu ya dakika mbili iliyoniarifu kwamba suala linashughulikiwa na kwamba nisiwe na wasiwasi. Tangu simu hiyo tumepanda mahindi, tumepalilia na tumevuna, na helikopta zimerudi kilimani mara mbili kwa njia ile ile. Sitaitaja ofisi, kampuni wala rubani kwa jina, kwa kuwa simtafuti mtu wa kuaibishwa. Wahusika wanajijua, na ninayoyasema yanavihusu vilima vingi zaidi ya chetu.

Mimi ni mkazi wa Milima ya Taita, nchini Kenya. Kwa miaka 9 nilifanya kazi ya kufunga mizigo chini ya helikopta, mpaka magoti yaliponikataza. Nimefunga nguzo, saruji, mapipa ya dizeli, mabati, jenereta, na siku moja jeneza, ambalo lilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeogopeshwa na kelele.

Siku ninayoilalamikia, helikopta ilikuwa ikipandisha vifaa kwenye kituo cha mawasiliano kilichoko kileleni, kwa sababu barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa na maporomoko. Mzigo wa nne ulikuwa tangi tupu la plastiki la lita 5,000. Asiyeijua kazi hii angedhani huo ndio mzigo rahisi kuliko yote, kwani wanaume wanne wangelinyanyua wakitaniana. Sisi tulioifanya tunajua kwamba kitu kipana na chepesi ndicho cha kuogopwa, kwa sababu upepo una nguvu juu yake kuliko uzito wake wenyewe. Tangi lilianza kuzunguka, kisha likayumba ubavuni, kisha likaanza kupanda kwa nyuma likiuelekea mkia wa helikopta, na hapo rubani akaliachia. Liliangukia shamba la maharagwe, hatua zisizozidi 70 kutoka ukuta wa darasa la shule ya msingi, watoto wakiwa uwanjani kwa mapumziko. Hakuna aliyeumia. Rubani alifanya alichopaswa kufanya, na ningekuwa kwenye kiti chake ningeomba nijaliwe wepesi wa mkono kama wake. Lalamiko langu halianzii kwenye kitufe alichokibonyeza. Linaanzia kwa waliokubali njia ile ipite juu ya shule.

Baada ya kusema hayo, naomba kuyaeleza yanayotutia hofu, moja baada ya jingine.

1. Mzigo wa kuning'inia ni mzigo unaoweza kuachwa wakati wowote, na mipango ya safari haikubali ukweli huo.

Hili ndilo kubwa, na mengine yote yanatokana nalo. Ndoano iliyo chini ya tumbo la helikopta imeundwa ifunguke. Rubani ana kitufe cha umeme kwenye usukani wake, na ana njia ya pili ya mkono iwapo umeme utakataa. Amepewa uwezo huo kwa sababu injini ikipungua nguvu, au mzigo ukiyumba kupita kiasi, au kamba ikinasa kwenye mti, uhai wake unategemea kuutupa mzigo huo mara moja. Hatumwonei wivu kwa kinga hiyo. Tunachouliza ni kinga gani aliyopewa mtu anayepalilia chini, ambaye kitufe kile kinachomwokoa rubani ndicho kinachomhukumu yeye.

Naomba tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuirudia. Kitu kizito kikiachwa kutoka mita 60 juu ya ardhi hufika chini baada ya sekunde tatu na nusu hivi, kikiwa na mwendo unaozidi kilomita 120 kwa saa. Helikopta ikiwa inakwenda mbele kwa kilomita 60 kwa saa, kitu hicho hakianguki wima, bali kinatupwa mbele karibu mita 58 kutoka pale kilipoachiwa. Maana yake ni kwamba hata rubani anayeona shule mbele yake na kuwahi kuachia kabla ya kuifikia anaweza kuulenga uwanja wake bila kukusudia. Jenereta iliyotangulia lile tangi siku ile ile, kwa njia ile ile, ilikuwa na uzito wa kilo 600. Sekunde tatu na nusu hazimtoshi mtoto kuinua macho, kuelewa anachokiona na kukimbia.

Haya hayakutungwa na mtu mwenye hofu. Tarehe 5 Septemba 2005, huko Sölden katika milima ya Austria, helikopta iliyokuwa ikipeleka zege kwenye eneo la ujenzi ilidondosha chombo chake chenye uzito wa takriban kilo 750 juu ya njia ya magari ya kamba yanayowapandisha watalii mlimani. Watu 9 walikufa, 6 kati yao wakiwa watoto. Ile ni nchi yenye milima mingi, marubani waliozoea na sheria nene, na mzigo ulianguka hata hivyo. Jambo ninalolirudia kila ninapoikumbuka ajali ile ni dogo sana: magari yale ya kamba yalikuwa yakitembea wakati helikopta inapita juu yake. Yangesimamishwa kwa dakika chache za kila safari, zege lingeangukia waya na mawe.

2. Kuyumba kwa mzigo kunachukuliwa kama bahati mbaya, ilhali ni jambo linalotabirika.

Mzigo ulio mwishoni mwa kamba ya mita 30 huchukua kama sekunde 11 kwenda upande mmoja na kurudi. Muda huo ni mrefu kuliko mtu anavyodhani, na ndani yake umefichwa mtego: rubani asiye na uzoefu huuona mzigo umekwenda kushoto, huisogeza helikopta kuufuata, na wakati helikopta inaitika mzigo umekwisha kugeuka, kwa hiyo badala ya kuutuliza anausukuma, kama anayembembeza mtoto kwenye bembea. Mizunguko mitatu minne ya namna hiyo inatosha kuufikisha pabaya. Kuna nyakati ambapo kupunguza mwendo polepole ni bora kuliko kupambana nao, lakini busara hiyo hufundishwa. Haizaliwi pamoja na leseni.

Tena si mzigo tu. Kamba iliyokwisha kuachia mzigo na kubaki tupu ni hatari nyingine, maana ikikokotwa kwa kasi bila uzito mwishoni huinuka na kuelekea rafadha ya mkia, yaani pangaboi dogo la nyuma, na helikopta iliyopoteza rafadha ya mkia haiendeshwi tena. Nimewaona marubani wa kukodi, wenye haraka ya kumaliza safari 20 kabla ya mawingu ya mchana kuufunika mlima, wakirudi bondeni na kamba tupu kwa mwendo ambao haukuwa na sababu isipokuwa bei ya mafuta.

3. Milima yetu inaidhoofisha helikopta kuliko karatasi zinavyoonyesha.

Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208. Hewa ya huko ni nyepesi, na ikipata joto inazidi kuwa nyepesi. Siku yenye joto la nyuzi 22, helikopta iliyoko kwenye mwinuko huo inafanya kazi kana kwamba iko karibu mita 3,000. Rafadha zinapata kidogo cha kushika na injini inapumua kwa shida. Aina moja ya helikopta inayopendwa kwa kazi hizi duniani, H125, ina ndoano inayoruhusiwa kubeba hadi kilo 1,400, na nimewasikia wasimamizi wa miradi wakiitaja namba hiyo kana kwamba ni haki yao popote na saa yoyote. Namba hiyo ni ukomo wa ndoano. Kile ambacho injini inaweza kukiinua na kukishikilia juu ya mlima, saa saba mchana, matangi ya mafuta yakiwa yamejaa, ni hesabu nyingine inayopaswa kufanywa upya kila asubuhi. Katika miaka yangu 9 nilipima mizigo kwa mizani miradi miwili tu. Mingine yote tulikadiria kwa macho, na kwa maneno ya dereva wa lori aliyeileta.

4. Vibarua wanaofunga mizigo hawafundishwi, na makosa yao huning'inia juu ya vichwa vya watu.

Hapa mniwie radhi nikirefusha, kwa sababu nawasemea wenzangu. Kwa kawaida mradi unapoanza, vijana huokotwa kijijini asubuhi ile ile. Wanapewa fulana za kung'aa ili wapendeze kwenye picha, na wanaambiwa wasimame pale, wasubiri helikopta ije, wakamate ndoano na kuitia kwenye kitanzi. Hakuna anayewaambia kwamba helikopta inayoruka hujikusanyia umeme tuli, na kwamba anayeigusa ndoano kwa mkono mtupu kabla umeme huo haujapelekwa ardhini anaweza kupigwa kwa nguvu ya kumwangusha. Mimi nilijifunza hivyo siku yangu ya pili, nikiwa nimevaa buti za mvua zilizotoboka. Hakuna anayewaambia wasisimame kati ya mzigo na genge, maana mzigo unaponyanyuka huteleza kwanza kabla ya kuning'inia. Hakuna anayewafundisha ishara za mikono, na redio ni moja, iko kwa msimamizi, ambaye yuko kivulini.

Halafu kuna kufunga kwenyewe. Mzigo ulioshikwa kwa kamba mbili zilizosimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo unagawana uzito vizuri, kila kamba ikibeba kiasi kinachozidi nusu kidogo. Kamba zile zile zikiwa fupi, zikalala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba uzito sawa na mzigo mzima. Kibarua aliyeambiwa kwamba kamba mbili za nusu tani zinatosha mzigo wa tani moja hajadanganya mtu, amedanganywa. Na kamba ikikatika angani, wala haihitajiki ndoano kufunguka.

Nchini Namibia wataalamu waliwapima vifaru weusi 12 waliolazwa kwa dawa na kuning'inizwa kwa miguu, ili wajue kama kusafirishwa hivyo kwa helikopta kunawadhuru kupumua. Utafiti ulichapishwa 2021 ukionyesha kwamba kuning'inizwa hivyo hakukuwadhuru zaidi kuliko kulazwa ubavu. Nawapongeza kwa dhati. Ningefurahi kama kibarua wa kwetu naye angepimwa japo ukubwa wa kofia ngumu.

5. Wananchi hawaarifiwi, na umati hauzuiwi.

Helikopta ikitua kijijini ni sherehe. Watoto wanatoroka darasani, akina mama wanaacha vibanda, na vijana wanasogea mpaka upepo wa rafadha unawatupia mchanga machoni na kung'oa mabati yaliyopigiliwa kwa misumari michache. Sote tunakumbuka Mei 2016 huko Bungoma, pale kijana alipojining'iniza kwenye helikopta iliyokuwa imeleta maiti kwa mazishi, ikapaa naye, akaanguka na kunusurika akiwa ameumia vibaya. Nchi nzima ilicheka na kumpa jina la sinema. Sisi tuliofanya kazi chini ya helikopta hatukucheka, kwa sababu tulijua kwamba uzito usiotarajiwa uliong'ang'ania upande mmoja ungeweza kuipindua helikopta juu ya umati ule.

Najua majibu yatakayotolewa, maana mengine nimekwisha kuyasikia kwa mdomo.

Mtasema hakuna aliyeumia. Ni kweli, na ndiyo sababu barua hii ina lugha ya adabu. Mtasema tangi lilikuwa tupu. Nimewaeleza lililolitangulia.

Mtasema rubani alikuwa na leseni halali, nami sina shaka nayo. Lakini leseni ya kurusha helikopta na umahiri wa kubeba mzigo kwenye kamba ndefu ni vitu viwili. Ulaya imezigawa kazi hizi katika viwango vinne, na kamba inayozidi mita 20 peke yake inampandisha rubani kwenye kiwango kingine cha mafunzo. Kusimamisha minara na kuvuta nyaya za umeme ni kiwango cha juu kabisa. Marekani nayo ina kanuni mahususi, Sehemu ya 133, inayomtaka anayebeba mzigo wa nje juu ya makazi ya watu awe na mpango ulioidhinishwa, wenye ramani ya njia na mwinuko wa kuruka, pamoja na makubaliano na viongozi wa mahali hapo ya kuwaondoa watu wasiohusika. Inataka pia njia hiyo iwe ile ambayo mzigo unaweza kuachwa, na helikopta ikatua kwa dharura, bila kumhatarisha aliye chini. Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, Waheshimiwa. Haikuandikwa na watu wanaotarajia mizigo isianguke kamwe.

Mtasema hakuna barabara, na kwamba bila helikopta kijiji kingekosa mawasiliano, maji na umeme. Hapa tunakubaliana kabisa. Sijaomba helikopta zipigwe marufuku. Zimenisomeshea watoto wawili. Kutoka uwanja ule wa mizigo hadi kileleni kuna korongo lisilokaliwa na mtu, upande wa magharibi, na kulipitia kungeongeza dakika mbili kwa kila safari. Niliitembea njia hiyo kwa miguu pamoja na mzee wa kijiji, nikaichora, na mchoro huo uko katika barua yangu ya pili.

Mtasema gharama. Dakika mbili kwa safari 20 ni dakika 40 za kuruka. Naomba aliyekokotoa bei ya dakika hizo aiweke wazi, ili wazazi waijue.

Kwa hiyo, sisi wakazi tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi. Kwanza, pasitolewe kibali cha kubeba mzigo wa kuning'inia mpaka mwombaji aonyeshe kwenye ramani njia ambayo mzigo unaweza kuachwa mahali popote bila kuangukia nyumba, shule, soko au barabara yenye watu. Na pale njia hiyo isipopatikana, sehemu iliyo chini iondolewe watu kwa dakika za kupita, kama barabara inavyofungwa kwa mbio za baiskeli. Pili, kila mzigo upimwe kwa mizani, na uzito uandikwe pamoja na hesabu ya nguvu ya helikopta kwa mwinuko na joto la saa hiyo. Tatu, rubani na wafungaji wa mizigo wawe na uthibitisho wa mafunzo ya kazi hii hasa, na vibarua wa siku moja wasiruhusiwe kusimama chini ya ndoano. Nne, chifu, mwalimu mkuu na wenye mashamba waarifiwe siku tatu kabla, kwa lugha wanayoielewa. Tano, kila mzigo unaoachwa angani, uwe wa dharura au wa bahati mbaya, uripotiwe na kuchunguzwa hata kama umeangukia maharagwe.

Pamoja na maombi hayo, na kwa kuzingatia Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba tupewe nakala ya kibali kilichotolewa kwa kazi ya siku ile, ramani ya njia iliyoidhinishwa kama ipo, na taarifa ya uchunguzi wa tangi lililoanguka kama ulifanyika. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu, nasi tunazihesabu kuanzia leo.

Tunaomba msizisubiri zote ziishe. Betri za kituo na vipande vya mnara mpya vimekwisha kushushwa kwenye uwanja wa mizigo, vimefunikwa turubai, na jana mlinzi aliwaambia watoto kwamba helikopta inatarajiwa anga likitakata.

Wenu mwaminifu,

Mfungaji mizigo mstaafu, kwa niaba ya wazazi na wakazi wa mteremko wa mashariki
Milima ya Taita